Sifuri Nukta Mbili

Udongo wa mama umefika maabara
ndani ya mifuko minne ya nailoni.
Lebo nimeziandika mwenyewe:
Mvumi. Agosti. Kina sentimita ishirini.
Sikuandika: nyumbani.
Fomu haina nafasi ya neno hilo.

Nauanika, nautwanga, nauchekecha,
nauweka kwenye kikombe cha kauri, nausukuma tanurini.
Kazi yetu ina kichekesho chake:
ili tujue kilichomo, tunakiunguza,
halafu tunapima upungufu.
Kilichopotea ndicho kilichopata kuishi:
vizizi vya uwele, mbawa za kumbikumbi,
kinyesi cha Sanze, ng'ombe wetu wa pembe moja,
aliyeuzwa mnadani Msalato
mwaka nilipokwenda Morogoro
kusomea udongo.

Waliondoka sita, muhula kwa muhula.
Zizi likabaki na mbuzi wanne na boma la miba.
Mvua ya kwanza ilipoanguka kwenye mchanga ule
haikukuta kitu cha kuishika mkono.
Kiduha kikachanua zambarau, kizuri kweli,
kikinyonya mtama kwa chini.

Mstari wa kwanza, usiotiwa kitu: sifuri nukta nne.
Ile ndiyo ada yangu.
Naisoma kwenye mizani kwa kutokuwepo kwake.

Nilipopata mshahara nilituma mbolea ya dukani, kwa basi,
kama mtu anayelipa deni la miaka kwa noti moja.
Mwaka ule mtama ulisimama kijani
mpaka mama akapiga simu kwa salio lake mwenyewe.
Mwaka wa pili akaongeza.
Wa tatu mvua ilikatika Februari,
chumvi ikaunguza miche miguuni,
ardhi ikawa unga,
na upepo wa Septemba ukaupeleka unga huo kwa Ndahani
jirani, ambaye hakushukuru.

Ndipo akaligawa shamba mistari minne, bila kuniuliza.
Akanunua daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Akaandika: *Mtupu. Samadi. Duka. Zote.*
*Zote* maana yake:
kopo moja la samadi ya mbuzi katika kila shimo,
iliyolala miezi miwili chini ya majani ikapoa;
na mtama ukifika gotini,
kifuniko cha soda, nusu, mkono usitetemeke.
Miaka tisa.
Kurasa mbili zina mwandiko wa mtoto wa dada;
hapo mama alikuwa Mvumi hospitali.

"Mama, *Zote* imesoma sifuri nukta sita."
"Ndiyo nyingi?"
"Imepanda sifuri nukta mbili."
Kimya. Nasikia mwiko, nasikia mlenda ukichemka.
"Kwa miaka tisa."
"Kwa miaka tisa."
"Na hiyo kaboni yenu inapimwa kwa debe?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikataka kumweleza:
kwamba cha dukani huita mabua na mizizi,
cha zizini huifanya mizizi hiyo ikae,
kwamba kimoja bila kingine ni mgeni bila mwenyeji,
kwamba mboji haina haraka na sisi.
Lakini alikuwa ameshahamia kwa mbuzi wa Ndahani:
wameingia tena usiku,
wameruka *Mtupu*, wameruka *Duka*,
wamekula mabua ya *Zote* mpaka ardhini.
"Hayo mabua ndiyo kesho yangu," alisema,
"mwambie balozi, wewe una simu ya maneno mengi."

Naosha vikombe. Kilichobaki ndani ni chekundu,
kikavu, kama tofali lililosagwa.
Mfuko wa *Zote* una gramu kama mia tatu bado.
Utaratibu unasema utupwe baada ya siku tisini.
Nimeufunga fundo.
Desemba utapanda basi pamoja nami,
na nusu mfuko wa mbolea miguuni,
na waya wa seng'enge, kama nauli itabaki.